Tangazo lilisema duka, kazi ikawa barabarani

Tangazo lenyewe lilikuwa na mistari minne. Kijana aliyelileta kwenye dawati letu la elimu kwa wafanyakazi alilifungua kwenye simu yake, akaniomba nilisome mwenyewe: "Wauzaji wa rejareja wanahitajika haraka. Uzoefu si lazima, mafunzo yatatolewa. Kipato hadi mara tatu ya mshahara wa kawaida. Nafasi ya kuwa meneja ndani ya miezi sita." Kisha akauliza, "Hebu niambie, hapo nimedanganywa wapi?"

Siku ya kwanza kazini alikuwa amevaa viatu vyake vizuri vya ngozi, akijua atasimama nyuma ya kaunta. Alipofika hakukuta kaunta wala rafu. Alikuta viti, spika ya muziki, na kengele ya kupigwa kila mtu anapofikisha tageti. Baada ya nusu saa ya kushangilia walipandishwa gari, wakashushwa mtaa wasioujua, kila mmoja na begi la bidhaa, wakaanza kugonga milango. Saa mbili usiku alirudi ameuza bidhaa mbili. Alilipwa kamisheni ya hizo mbili, basi. Saa kumi na moja za kutembea hazikuhesabiwa popote.

Ukilipitia tangazo lile neno kwa neno, uongo wa wazi huupati. Kuuza mlangoni kwa mtu nako ni rejareja. Mafunzo yalikuwepo, ile nusu saa ya asubuhi. Na huenda yupo aliyewahi kupata mara tatu ya mshahara wa kawaida, mwezi mmoja, mwaka fulani. Matangazo mengi yanayotufikia yako hivyo: kila neno lina mlango wa kutokea, na mwombaji wa kazi ya kwanza, ambaye hajui kazi inavyoendeshwa, hujaza mwenyewe yale ambayo hayakusemwa.

Chukua hilo neno "hadi". Linataja dari, halitaji sakafu. Kipato "hadi" kiasi fulani kinaweza kuwa sifuri na tangazo likabaki sahihi. Jirani yake ni neno "kipato" lenyewe. Mwajiri anayelipa mshahara huandika mshahara. Anayeandika "kipato", "mapato yasiyo na kikomo" au "unajipangia mwenyewe" mara nyingi analipa kamisheni tupu. Kamisheni si dhambi. Wako wauzaji wazuri wanaoishi nayo vizuri kuliko mimi na mshahara wangu. Ubaya ni mtu kuigundua jioni ya siku ya kwanza.

Kuna hesabu moja tunayomfanyisha kila anayekuja. Andika saa zote ulizokuwa chini ya amri yao: kikao cha asubuhi, safari ya kupelekwa eneo la mauzo, kusubiri, kurudisha bidhaa na kufunga hesabu. Siku 6 kwa wiki, saa 11 kwa siku, ni saa 66. Sasa gawa malipo ya wiki kwa 66, uone umelipwa nini kwa saa moja, halafu ulinganishe na kima cha chini cha mshahara cha nchi uliyopo. Wengi hunyamaza kidogo hapo.

Dukani au nje ni tofauti ya kisheria pia, si ya viatu tu. Marekani, kwa mfano, sheria ya viwango vya haki vya kazi ya 1938 huwaacha nje ya kima cha chini na malipo ya saa za ziada wale ambao kazi yao kuu ni kuuza na ambao kwa kawaida huuzia mbali na eneo la biashara la mwajiri. Keshia na muuzaji wa ndani ya duka hawamo katika kundi hilo. Kwa hiyo tangazo linapoficha kwamba kazi ni ya nje, linaweza kuwa limekuficha pia kwamba kinga ya kima cha chini haikufuati huko.

Halafu kuna karatasi ya kusaini. Mara nyingi inakuita "wakala", "mshirika" au "mkandarasi huru", si mwajiriwa, na maana yake ni kwamba huna likizo, huna bima, na nauli ni juu yako. Jina hilo peke yake halimalizi mjadala. Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema uhusiano wa ajira upimwe kwanza kwa namna kazi inavyofanyika na malipo yanavyotolewa, hata kama wahusika wameuita vingine. Nani anapanga saa? Nani anatoa vifaa? Ni lazima uifanye wewe mwenyewe? Ndiyo riziki yako pekee au kubwa? Mtu anayeambiwa afike saa mbili kamili, avae fulana yao, aende mtaa waliomchagulia, kisha anaitwa mkandarasi huru, ana hoja nzuri ya kupeleka kwa afisa wa kazi.

Nisije nikaonekana nasema kwamba aliyeajiriwa dukani kweli amesalimika. Keshia mmoja alituonyesha tangazo lake: "huduma kwa wateja, kupokea malipo". Wiki ya pili alipewa idadi ya wateja anaopaswa kuwashawishi wachukue kadi ya mkopo ya duka kila zamu, na jina lake likabandikwa kwenye ubao wa nyuma ya stoo, karibu na sinki, pamoja na wengine walioshindwa. "Mimi naogopa hata kuwasalimia wateja," alisema, "maana wanajua kitakachofuata." Kazi yake ilikuwa kuuza mikopo, na tangazo halikugusa neno mkopo.

Saa nazo. "Saa zinazobadilika" husomwa na mwanafunzi kama ruhusa ya kupanga zamu zake. Kwa meneja inaweza kumaanisha kwamba ratiba inatoka Ijumaa jioni, wiki hii saa 30, wiki ijayo 8. Na "mwajiriwa wa kudumu" haimaanishi saa kamili. Unaweza kuwa wa kudumu wa saa 12 kwa wiki. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la 2019 linataka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya msingi, yakiwemo malipo na saa za kazi, ndani ya siku 7 tangu uanze. Agizo jingine, la 2023, linataka mwombaji ajulishwe malipo ya kuanzia au kiwango chake mapema, hata kabla ya usaili. Jimbo la Colorado huko Marekani lilianza mwaka 2021 kuwataka waajiri waweke malipo kwenye tangazo lenyewe. Mahali ambako sheria kama hizo hazipo, uliza. Mwajiri anayekasirika kuulizwa mshahara amekwisha kujibu.

Fedha za kuanzia zina kanuni fupi: usitoe. Ada ya fomu, ya mafunzo, ya sare, "dhamana" ya bidhaa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unawakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi, moja kwa moja au kwa mzunguko, isipokuwa pale mamlaka iliporuhusu kwa makundi maalumu. Mkataba namba 95 wa 1949 unakataza kukata mshahara ili mtu alipie kupata kazi au kubaki nayo. Mikataba hii hubana nchi zilizoiridhia. Na ukiambiwa ulipe ndipo upewe haki ya kuuza, kisha utalipwa kwa kuleta watu wengine watakaolipa, hapo huombi tena kazi ya uuzaji, umeingizwa kwenye piramidi.

Mara nyingine, niwe mkweli, hakuna hila yoyote. Aliyeandika tangazo yuko ofisini, amenakili la mwaka juzi, na hajawahi kushusha mzigo kwenye lori saa kumi na moja alfajiri. Lakini anayeshusha mzigo ni wewe, kwa hiyo uliza. Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Mtu mliyemwajiri kwa nafasi hii mwezi uliopita, asipouza kitu hata kimoja, mwisho wa mwezi analipwa nini?" Halina pa kujificha. Ukijibiwa "hapa kwetu haitokei mtu asiuze", jibu ni sifuri. Uliza pia shoti ya keshia, yaani pesa inayopungua hesabu zikifungwa, inalipwa na nani, na siku ya majaribio inalipwa au la. Kisha, kama duka lipo kweli, pita siku ya kazi kama mteja, usimame kwenye rafu dakika kumi uangalie wauzaji wanafanya nini.

Tangazo lipige picha siku ileile unapoomba, likiwa na tarehe, kwa sababu hufutwa. Ila usilitegemee kupita kiasi. Mikataba mingi ina kipengele, karibu na mwisho, kinachosema kwamba maandishi haya yanachukua nafasi ya ahadi na mazungumzo yote ya awali. Ukishasaini hapo, "mara tatu ya mshahara" ya kwenye simu yako inakuwa na nguvu ndogo. Ahadi uliyoifuata iandikwe ndani ya mkataba kabla ya kalamu kugusa karatasi. Wakisema haiwezekani, waandikie ujumbe mfupi jioni hiyo: "Kama tulivyozungumza leo, mshahara wa msingi ni huu, eneo la kazi ni duka fulani, saa ni hizi." Wakijibu ndiyo, una maandishi.

Yule kijana hakuwa na ujumbe wa namna hiyo. Alikuwa na picha ya tangazo, na nyuma ya kitabu cha risiti alikuwa ameandika kwa kalamu, kila siku, saa waliyopandishwa gari na saa waliyoshushwa. Tulianza na hicho kitabu.