Pua ya Delamere: yasemwayo kwenye matatu na yaliyoko kilimani

Matatu ya Nakuru ikishapita Gilgil, Ziwa Elmenteita hujitokeza upande wa kushoto, na hapo hakosi abiria wa kumgusa mwenzake bega: "Cheki, pua ya Delamere ile." Ng'ambo ya maji kuna kilima kilichotokana na volkano, na kweli, ukikitazama vizuri utaona mtu amelala chali, paji la uso, pua na kidevu. Sisi wa Nairobi, ambao tukisikia Delamere tunawaza kwanza mtindi wa Naivasha, tumekibebesha kilima hicho maneno mengi.

"Kabla ya mzungu hakikuwa na jina."
Kilikuwa nalo. Kwa Wamaasai ni Elngiragata Olmorani, na aliyelala pale ni morani. Pua ni ya Hugh Cholmondeley, Baroni wa tatu wa Delamere, mlowezi aliyefariki mwaka wa 1931 akazikwa huko huko Soysambu, ranchi aliyoimiliki kando ya ziwa. Jina lake ni la juzi tu.

"Wamaasai walihama wenyewe, ni watu wa kuhamahama."
Hili ndilo linaloniudhi zaidi, maana husemwa kwa upole kana kwamba ni elimu. Kufuata malisho na kuondolewa ni mambo mawili. Mkataba wa 1904 kati yao na Waingereza uliwatoa katika Bonde la Ufa ukawagawa pande mbili, wengine Laikipia, wengine kusini, kwa ahadi kwamba huko watakaa maadamu kabila lao lipo. Haikutimia hata miaka 10: mwaka wa 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia nako. Wakaenda kortini. Mwaka wa 1913 kesi ikatupwa, na sababu yenyewe ni ya kushangaza: eti mikataba ile ilikuwa kati ya dola na dola, kwa hiyo korti haina uwezo wa kuiamua. Yaani Wamaasai walipandishwa cheo wakawa taifa kwa siku moja, ili tu wasisikilizwe.

"UNESCO ililinda eneo lile kwa ajili ya historia ya walowezi."
La. Elmenteita iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011 pamoja na Nakuru na Bogoria, kwa sababu ya maziwa yenyewe na ndege wake. Kuna flamingo, bila shaka, lakini mwari weupe ndio wa kutazama: hutaga na kulea makinda kwenye visiwa vya mawe humo ziwani.

"Hakuna cha kale cha kuona, ni vichaka tu."
Shuka Kariandusi, mahali palipochimbuliwa zana za kale, hapo hapo karibu na barabara kuu. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipata huko, mwaka wa 1928, mashoka ya mawe yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Mengine yamechongwa kwa jiwe jeusi la volkano ling'aalo kama chupa iliyovunjika, na makali yake bado yanaonekana. Yamelala mtaroni yalipochimbuliwa, wewe unayatazama kutoka juu.

"Kubadili jina ni kufuta historia."
Kenyatta Avenue iliitwa Delamere Avenue, na sanamu ya baroni ilisimama pale katikati ya mji. Uhuru ulipokuja iling'olewa ikapelekwa Soysambu. Nairobi haikumsahau kwa hilo.

Tena mlowezi kuzikwa kilimani si hoja ya kilima kuchukua jina lake. Northrup McMillan, aliyefariki 1925, amezikwa kwenye mteremko wa Ol Donyo Sabuk, karibu na Thika. Kilima kikabaki na jina lake la Kimaasai, nasi tukiendelea kukiita Kilimambogo, kwa ajili ya nyati. Jina la McMillan liko mjini, kwenye maktaba ya Banda Street.