Kwa nini amri ya kumi inakataza kitu kisichoonekana?

Zipitie Amri Kumi katika Kutoka 20 na utaona kwamba nyingi zinahusu mambo yenye ushahidi. Muuaji ameacha maiti, mwizi ameacha pengo, na shahidi wa uongo kasikika na watu. Kisha inakuja ya mwisho: usitamani nyumba ya jirani yako, wala mke wake, wala ng'ombe wake, wala punda wake. (Wakatoliki na Walutheri huigawanya, ikawa ya tisa na ya kumi, Wayahudi na Waprotestanti wengi huihesabu moja.) Sasa, ni hakimu gani atakayemtia mtu hatiani kwa kumkodolea macho punda wa mwenzake?

Ufunguo umo katika neno lenyewe. Kitenzi cha Kiebrania hapo ni khamad, na mzizi wake uko tayari bustanini Edeni: Hawa aliona mti ni wa kutamanika, akatwaa, akala. Katika Yoshua 7, Akani, Mwisraeli aliyeiba nyara za mji wa Yeriko, anakiri kwa mpangilio uleule. Aliona kwenye nyara joho zuri, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Akavitamani, akavitwaa, akavifukia chini ya hema lake. Ona, tamani, twaa. Amri ya kumi inaukata mnyororo huo kwenye pete ya katikati, kabla mkono haujanyooshwa. (Joho lililofukiwa mchangani, hata hivyo, angelivaa lini na mbele ya nani?)

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi mnyororo huo unapofika ni cha Ahabu, mfalme wa Israeli, katika 1 Wafalme 21. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu Yezreeli, ubavuni mwa jumba la mfalme, na Ahabu alilitaka alime mboga. Mboga! Na hakuanza vibaya: aliahidi shamba bora zaidi, au fedha taslimu. Nabothi akakataa kwa sababu ardhi ile ni urithi wa baba zake. Mfalme mzima akarudi nyumbani, akajilaza, akageuza uso, akasusa chakula. Mkewe Yezebeli akaandika barua kwa jina la Ahabu, wakapatikana mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, shamba likachukuliwa. Hesabu: uongo, uuaji na unyang'anyi, amri tatu zimevunjwa, na zote zilianzia kwa mtu aliyenuna kitandani.

Kwa hiyo kutaka kitu si kosa? Kwa maoni yangu, si kosa. Zaburi ya 19 inatumia mzizi uleule wa khamad kuzisifu hukumu za Mungu: ni za kutamanika kuliko dhahabu. Amri inasisitiza jirani, tena na tena. Ahabu alikosea pale jibu la "hapana" lilipomshinda kulimeza.

Na mwenye haki afanyeje na tamaa yake? Torati haimwambii akae akipigana na mawazo tu. Inampa mikono yake kazi. Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa, au kurudi kuokota masazo. Kumbukumbu la Torati 24 inasema mganda uliosahauliwa shambani uachwe hapohapo, ni wa mgeni, yatima na mjane. Yaani kila mavuno mtu anakiangalia kilicho chake kwa haki, anakiacha, anakwenda zake.

Boazi, mwenye shamba katika kitabu cha Ruthu, alifanya hivyo na kuzidisha. Aliwaambia vijana wake wachomoe masuke kwenye miganda makusudi, wayaangushe, Ruthu Mmoabi ayaokote, wala wasimkemee. Jioni Ruthu akayapura, akapata kama efa moja (kipimo cha nafaka) ya shayiri, akajitwika mpaka mjini. Mkwewe Naomi alipouona mzigo ule, swali likamtoka: umeokota wapi leo?