Kipandikizi cha stevia: kwa nini shina huishinda mbegu

Kipandikizi ni kipande cha mmea ulio hai, mara nyingi shina, kinachokatwa na kuchomekwa kwenye udongo ili kitoe mizizi yake chenyewe. Anayelima muhogo, miwa au matembele hufanya hivyo kila msimu. Hujapata kuona mtu akiulizia mbegu za muhogo dukani. Stevia, kile kichaka kidogo chenye majani matamu, nayo huzalishwa vizuri zaidi kwa njia hiyohiyo.

Asili ya stevia ni Paraguay. Waguarani, wenyeji wa huko, waliyatumia majani yake tangu zamani kutia utamu kinywaji chao cha yerba mate, na mwaka 1899 mtaalamu wa mimea Moisés Bertoni akaueleza mmea huo kisayansi. Utamu unatokana na viini viitwavyo glikosidi za stevioli. Vikisafishwa, vinaizidi sukari kwa utamu mara 200 hadi 300. Jani lenyewe halifiki huko, ila majani mawili matatu makavu yanatosha kikombe cha chai.

Tatizo liko kwenye mbegu. Ua la stevia kwa kawaida halijichavushi. Linataka chavua ya mmea mwingine. Mwenye mche mmoja barazani atavuna mbegu nyepesi, za rangi hafifu, tupu ndani. Zile nyeusi ndizo zenye uhai, nazo zikikaa muda mrefu hufa. Hata ukibahatika zikaota, kila mche unakuja na tabia yake: huu mtamu, ule una uchungu unaobaki ulimini, mwingine una majani haba.

Kipandikizi hakina mchezo huo, kwa sababu ni nakala ya mmea mama. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuonja. Kama una mimea kadhaa, au jirani anayo, tafuna jani la kila mmoja, kisha ukate kwenye ule uliokupendeza. Ukichagua mmea kwa ukubwa wake tu, unaweza kujikuta na kitalu kizima cha majani yasiyo na ladha.

Ndani ya shina, ncha inayokua hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo husafiri kwenda chini. Ukikata, homoni hiyo hukusanyika kwenye jeraha na kuziamsha chembe hai za hapo zianze kujenga mizizi. Ndiyo maana tunaiacha ncha ya juu na kukata chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapotokea. Wakati huohuo majani yanaendelea kupoteza maji na hakuna mizizi ya kuyarudisha. Vipandikizi vingi hufa kwa kiu kabla havijapata nafasi ya kutoa mizizi.

Kata asubuhi, urefu wa sentimita 8 hadi 12. Ondoa majani ya chini, bakiza jozi mbili au tatu za juu. Tumia mchanga wa mto uliooshwa, uchanganye na mboji kidogo. Samadi mbichi itaozesha shina. Toboa shimo kwa kijiti kwanza ili usichubue ngozi, chomeka, bana mchanga kwa vidole, nyunyizia maji. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa kimetolewa ili hewa ipite, na uweke kivulini penye mwanga. Mizizi hutoka baada ya wiki mbili hadi nne. Ukikivuta taratibu kikakataa, kimeshika. Lakini usikivute kila siku. Poda ya kuotesha mizizi ya duka la pembejeo husaidia, ila si lazima.

Huku kwetu karibu na ikweta kuna jambo moja ambalo maelekezo ya nchi za mbali hulipita. Stevia huchanua mchana unapokuwa mfupi. Paraguay, wakati wa kiangazi mchana unazidi saa 13, mmea unajaza majani kwanza, kisha unachanua siku zikipungua. Nairobi au Dar es Salaam mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, hivyo mche mchanga unaweza kutoa vitumba kabla haujanenepa. Shina lenye vitumba hutoa mizizi kwa shida, kwa kuwa nguvu zake zimekwenda kwenye maua, na maua yakishafunguka utamu wa majani hupungua. Wenye vitalu vya biashara huwasha taa usiku ili kurefusha mchana. Nyumbani, vidole vinatosha: nyofoa kila kitumba mara kinapojitokeza.

Mizizi ikishakomaa, hamishia kwenye kopo lenye matundu chini, maana maji yakituama mche utaoza, hasa wakati wa masika. Ukianza kurefuka, kata ncha ili utoe matawi ya pembeni. Ncha hizo, kama hazina vitumba, usizitupe: chomeka nazo.