Je, wajua kwa nini ngozi iliyolegea huonekana nzima chini ya hadubini?

Mwanamke wa miaka 35 ana mikunjo midogomidogo mgongoni, ubavuni na sehemu ya juu ya mikono. Haiwashi wala haiumi. Usoni hana hata mstari mmoja, na uzito wake haujapungua. Ukiisukuma ngozi ile kwa kidole inakunjamana kama utando wa maziwa ya moto yakipulizwa, kisha inachelewa kurudi mahali pake. Daktari anakata kinyama, kinapelekwa maabara, na majibu yanarudi na mstari mmoja: ngozi ya kawaida.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mgonjwa anaambiwa ni umri tu, apake mafuta, na faili linafungwa. Wengi wetu tunaosoma slaidi tulianza na imani hiyohiyo, kwamba hadubini ikikuta ngozi nzima basi ngozi ni nzima. Majibu yale hayakudanganya, ila yalijibu swali jingine. Yalisema kwamba vitu vinavyoonekana kwa rangi iliyotumika vyote vipo. Kilichopotea ni kitu ambacho rangi ile haikionyeshi hata kikiwepo.

Kinyama kikifika maabara hugandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba vya maikromita 4 hivi. Bila rangi, kipande hicho ni kama tone la maji juu ya kioo. Rangi ya kila siku, karibu kila maabara duniani, ni hematoksilini na eosini. Hematoksilini hupaka viini vya seli buluu yenye uzambarau, na eosini hupaka protini nyingi waridi. Sasa demisi, lile tabaka nene lililo chini ya ngozi ya juu, imejaa protini. Takriban robo tatu ya uzito wake mkavu ni kolajeni. Nyuzi za elastini, ndizo zilizopotea kwa mwanamke huyu, ni asilimia 2 hadi 4 tu, nyingi zina upana wa maikromita 1 hadi 3, na eosini huzipaka waridi vilevile. Ni uzi wa waridi ulioshonewa kwenye kitambaa cha waridi. Uchomoe wote, na anayetazama ataapa kitambaa hakijaguswa.

Kosa hili lina ndugu yake, na huyo anauza sana madukani: dhana kwamba ngozi ikilegea, kolajeni imeisha. Chukua sketi ya zamani ya lastiki. Kitambaa ni kizima, rangi haijapauka, mshono haujafumuka, lakini ukiivaa inateremka. Kilichokufa ni lastiki iliyofichwa ndani ya pindo, na kuongeza kitambaa hakutaipandisha sketi. Kolajeni ni kitambaa, inazuia ngozi isichanike. Elastini ni lastiki, inairudisha ngozi baada ya kuvutwa. Ndiyo maana mgonjwa wetu hana vidonda wala ngozi inayochanika ovyo. Ngozi yake ni imara, isipokuwa hairudi.

Lastiki hii mwili huishona zaidi tukiwa tumboni na utotoni, kisha huitunza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulipima umri wa elastini ya mapafu ya binadamu kwa njia ya ajabu: ulitumia kaboni 14 iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Elastini ya watu wazima ilikuwa na kaboni hiyo kidogo mno, ishara kwamba ilitengenezwa kabla ya mabomu, na makadirio ya kudumu kwake yakapita miaka 70. Hayo ni mapafu, na ngozi inayopigwa jua inaweza kuwa na hesabu yake. Lakini picha kwa ujumla inalingana na tunachokiona kliniki: eneo lililopoteza nyuzi hizi hubaki hivyo, na hakuna dawa iliyothibitika kuzirudisha.

Magonjwa yanayofuta nyuzi hizi hutofautishwa zaidi kwa kina na umbo la upotevu. Ule wa mwanamke wa mwanzo unaitwa elastolisisi ya katikati ya demisi. Ulielezwa mwaka 1977 na Walter Shelley na Margaret Wood wa Marekani, na wengi wanaoripotiwa ni wanawake wenye umri wa kati. Nyuzi hupotea kama mkanda mmoja ulionyooka katikati ya demisi, huku za juu na za chini yake zikibaki. Mara nyingi zinazozunguka mashina ya nywele nazo husalia, kwa hiyo baadhi ya wagonjwa huwa na vijipele laini pale kila unywele unapotokea. Anetoderma ni tofauti: mabaka ya mviringo, kwa kawaida ya sentimita 1 hadi 2, ambamo kidole huzama kama kinaingia kwenye tundu la kifungo. Humo nyuzi hutoweka kwa mafungu, sehemu ya juu ya demisi, ya katikati, au zote mbili. Kwa wanawake wazee kuna vijipele vya manjanomanjano shingoni na juu ya mitulinga, ambavyo huweza kudhaniwa ni pseudoksantoma ya kurithi. Ugonjwa huo wa kurithi hujaza chokaa kwenye nyuzi za elastini na huweza kuharibu macho. Huu wa wanawake wazee, unaopatikana ukubwani, hufuta nyuzi za juu kabisa bila chokaa. Rangi ya von Kossa, inayoonyesha chokaa kwa weusi, humaliza ubishi huo.

Yote haya yanategemea rangi maalumu, na hapa panahitaji subira. Rangi inayotumika zaidi ni ya Verhoeff, iliyochapishwa mwaka 1908 na Frederick Verhoeff, mtaalamu wa magonjwa ya macho wa Boston. Huchanganywa mililita 20 za hematoksilini ya asilimia 5 kwenye alkoholi, mililita 8 za kloridi ya feri ya asilimia 10, na mililita 8 za iodini ya Lugol. Mchanganyiko unatengenezwa siku hiyohiyo, kwa sababu ukilala unapoteza nguvu. Slaidi inazamishwa mpaka kipande chote kiwe cheusi tititi. Kisha rangi inaondolewa kidogokidogo kwa kloridi ya feri ya asilimia 2, na fundi anasimama kila baada ya sekunde chache kuangalia kwenye hadubini. Nyuzi zikibaki nyeusi na nyuma yake pakiwa pa kijivu, anaacha. Iodini iliyobaki inatolewa kwa thiosalfeti ya sodiamu, na mwisho rangi ya van Gieson inapaka kolajeni nyekundu na misuli manjano.

Anayejua hina ataelewa haraka. Hina ukiipaka mkono mzima inashika kila mahali, lakini siku chache za kuosha vyombo zikipita, mgongo wa mkono unapauka ilhali kiganja na kucha bado vimekolea. Elastini ni kiganja. Hushikilia rangi kwa nguvu kuliko majirani zake, na kazi ya fundi ni kuosha mpaka majirani wapauke na yenyewe ibaki. Sasa endelea kuosha. Kiganja nacho kitapauka, na mgeni atakayekuja jioni atasema mkono huu haujawahi kutiwa hina. Vivyo hivyo, slaidi iliyooshwa kupita kiasi hutoa ugonjwa ambao haupo: nyuzi hazionekani, ripoti inasema zimepotea, na mtu anabandikwa jina la maradhi adimu kwa sababu ya sekunde 30 za ziada. Kuna mtego mwingine ndani yake. Asidi ya pikriki iliyomo kwenye van Gieson nayo huendelea kuosha, kwa hiyo fundi mzoefu husimama mapema kidogo, nyuma pakiwa bado pana uweusi.

Kinga ya kosa hilo imo ndani ya slaidi yenyewe. Kabla ya kutamka kwamba nyuzi hazipo, tafuta mahali zinapopaswa kuwepo: kuta za mishipa midogo ya ateri, na demisi ya chini kabisa. Zikiwa nyeusi huko na hazipo katikati, upotevu ni wa kweli. Zikikosekana kila mahali, rudia kupaka rangi. Nyuzi nyembamba sana za juu ya demisi Verhoeff huzishika vibaya, kwa hiyo upotevu wa tabaka hilo unahitaji kuthibitishwa kwa rangi nyingine za elastini: orsini, au risorsini-fuksini ya Weigert.

Lakini rangi nzuri haiokoi kinyama kibaya. Idadi ya nyuzi hutofautiana kati ya sehemu moja ya mwili na nyingine, hupungua kwa umri, na jua huziharibu kwa kuzifanya marundo mazito ya kijivu kwenye demisi ya juu. Kipande kimoja kutoka eneo lililolegea peke yake hakina cha kulinganishwa nacho. Kwa hiyo vinahitajika vipande viwili, kimoja kutoka eneo lililolegea na kingine kutoka ngozi nzima iliyo karibu au upande wa pili wa mwili mahali palepale, vipakwe rangi pamoja siku moja. Kama ni kipande kimoja tu, kiwe cha umbo la jicho kinachovuka mpaka, kikatwe kwa urefu maabara ili nzima na gonjwa vionekane kwenye slaidi moja. Kukwangua juujuu hakufai. Kitobozi cha milimita 4 kinachofika kwenye mafuta kinatosha.

Alama iwekwe kwa kalamu kabla ya sindano ya ganzi. Ganzi huivimbisha ngozi, mikunjo ikajaa, na mpaka uliouona vizuri dakika mbili zilizopita ukafutika. Mgonjwa achunguzwe akiwa ameketi, taa ikitoka ubavuni, kwa sababu akilala chini ya taa ya juu mikunjo midogo hulala naye. Kipande kishikwe ukingoni, kisibanwe, kisha kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye ujazo usiopungua mara 10 ya kipande.

Kwenye ngozi nyeusi kuna jambo vitabu vingi hulipita haraka. Baadhi ya magonjwa haya huanza na uvimbe mwekundu, na wekundu huo kwenye ngozi zetu huonekana kama weusi uliokolea au uzambarau, au hauonekani kabisa. Uliza kama palikuwa na joto, muwasho au vipele vilivyoinuka miezi ya nyuma. Mwaka 1975 ulielezwa ugonjwa wa namna hii kwa watoto wa Kiafrika: vipele vya uvimbe kwanza, kisha ngozi kulegea na kuning'inia. Kuumwa na wadudu kulishukiwa, ingawa wagonjwa walioripotiwa ni wachache mno kuweza kusema kwa uhakika.

Jina likishapatikana, kazi nyingine inaanza, kwa sababu ngozi inaweza kuwa inasemea mwili. Anetoderma imeripotiwa pamoja na kaswende, ukoma, kifua kikuu, VVU na lupasi, na mara nyingi zaidi pamoja na kingamwili dhidi ya fosfolipidi, zile zinazogandisha damu na kuharibu mimba. Zinapimwa tatu: kizuizi cha lupasi, kingamwili dhidi ya kadiolipini, na dhidi ya beta-2 glaikoprotini 1, na zikionekana hurudiwa baada ya wiki 12. Kingamwili hizihizi huweza kufanya kipimo cha VDRL kionyeshe kaswende ambayo haipo, kwa hiyo VDRL chanya kwa mgonjwa huyu inahitaji TPHA, kipimo cha kuthibitisha kaswende, kabla ya mtu kuanza kutazamwa vibaya nyumbani.

Ngozi inayoning'inia mwili mzima kwa mtu mzima, yaani kutis laksa ya kupatikana, hudai uchunguzi mpana zaidi. Seli za plazma zilizoasi, zile zinazotengeneza kingamwili, hadi kufikia saratani yake iitwayo mieloma, huweza kuwa nyuma yake, na elastini ya mapafu, utumbo na mshipa mkuu wa damu huweza kuwa inakufa pia. Hupimwa protini za damu kwa elektroforesisi, nguvu ya mapafu kwa spirometa, kifaa cha kupulizia, na huulizwa kuhusu ngiri. Kipande kimoja zaidi cha ngozi kinaweza kupelekwa kwa imunofloresensi kutafuta kingamwili zilizoshikilia nyuzi, lakini hicho kisiguse fomalini kabisa.

Kwenye fomu ya maabara, andika: "Ngozi imelegea, tafadhali rangi ya elastini, linganisha na kipande cha ngozi nzima." Na mwanamke aliyepewa ripoti ya ngozi ya kawaida hana haja ya kukatwa tena mara moja. Maabara nyingi hutunza kile kidonge cha nta chenye kinyama chake kwa miaka. Kikitolewa kabatini, kikakatwa kipande kipya cha maikromita 4 na kupakwa Verhoeff, mkanda mtupu katikati ya demisi utaonekana, kama ulivyokuwa siku ile ya kwanza.