Je, wajua kwa nini sanduku la kikoba lina kufuli tatu?

Ukipita Newala, Tandahimba au Ruangwa siku ya kikao cha kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, utawakuta akina mama wamekaa mkekani chini ya mwembe, katikati yao sanduku la bati lenye kufuli tatu. Anayelilaza nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Funguo wanazo wenzake watatu, kila mtu na wake.

Ukiuliza utaambiwa ni kwa sababu ya wezi. Mimi naona hiyo ni nusu tu ya jibu. Mwizi ahangaike na funguo za nini, wakati sanduku lenyewe linabebeka na nyundo zipo? Kufuli zile zinamzuia zaidi mwenye hela mwenyewe, pamoja na wote wanaojua kumwomba.

Huku kusini mwa Tanzania hela kubwa ni ya korosho, na msimu wake ni mmoja kwa mwaka. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, ndipo malipo yanaingia benki. Jina lililoandikwa pale chamani mara nyingi ni la baba. Hela ikitoka, bati zinanunuliwa, madeni yanalipwa, na kwingine pikipiki mpya inaingia uani. Ikifika Machi, mvua inanyesha na shambani hakujaiva kitu, ile hela imebaki hadithi. Sabuni na nauli ya zahanati havingoji mnada.

Miezi hiyo nyumba inasimama kwa hela ndogo ndogo za mama. Kuna anayechimba ming'oko, viazi vya mwituni, porini, akaichemsha na kuiuza kwa mafungu. Wa pwani anafunga mwani. Mwingine anabangua korosho: anazikaanga kwenye bati lililotobolewa, mafuta ya ganda yanashika moto na moshi mweusi unapanda, kisha anazigonga moja moja, mikono kaipaka majivu kwa sababu mafuta yale yanaunguza ngozi. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi zinampa kama kilo moja tu ya korosho safi, na hapo lazima amenye pia ganda jembamba la ndani. Vipakiti unavyouziwa dirishani mwa basi pale Mnazi Mmoja ya Lindi, barabara ya Masasi inapoachana na ya Mtwara, vingine vimetoka kwenye mikono hiyo.

Sasa hela hiyo aiweke wapi? Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili hufuata ukoo wa mama: watoto ni wa upande wake, na mjomba ana sauti kubwa. Hilo humpa mama nguvu, wengine hata shamba la kwao. Lakini pia kaka, wapwa na mawifi wote wanaujua mlango wake.

“Wifi, nikopeshe elfu kumi, nitakurudishia Ijumaa.”

Ikiwa noti imefungwa kwenye pindo la kanga, kukataa ni ugomvi. Ila akijibu, “Hela yote iko sandukuni, wifi, kikao Alhamisi,” hakuna wa kununa. Kufuli zimekataa, yeye hakukataa.

Akiba huwekwa kwa kununua hisa: tuseme moja ni shilingi 2,000 na mama ananunua mbili kila wiki. Kwa wiki 50 ana 200,000, bado faida haijahesabiwa. Katikati ya mwaka anaweza kukopa, vikundi vingi vinaruhusu hadi mara tatu ya hisa zako, akaongeza mtaji au akalipa fundi wa sare za shule. Riba anayolipa hairudi benki, inaingia sanduku lile lile na kugawanwa siku ya kuvunja kikoba. Mfuko wa jamii uko pembeni, wa ugonjwa na misiba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 nayo inavitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe.

Kabla ya kufunga, hela inahesabiwa kwa sauti, na wanachama wanakariri kiasi kilichobaki. Kikao kijacho hela haihesabiwi mpaka kitajwe tena. Bibi asiyejua kusoma anakitaja mpaka mia ya mwisho.