Takwimu Tiba: Kazi Inayofanyika Kabla Sheha Hajapiga Hodi

Kila msimu wa tafiti unapoanza, kituo chetu cha takwimu tiba cha chuo kikuu, kinachowasaidia watafiti wa afya kwa hesabu za tafiti zao, hupokea malalamiko ya aina mbili. Wanafunzi na madaktari husema tunawachelewesha. Wananchi nao, kupitia kwa masheha, huuliza kwa nini nyumba ya jirani imechaguliwa na yao imerukwa, na wapo wanaoamini kwamba majina yamepangwa kwa kujuana. Tuanze na hili la nyumba.

Nyumba huchaguliwa kwa kura. Kwanza huchaguliwa shehia, yaani eneo linaloongozwa na sheha, kisha orodha ya kaya za shehia hiyo huhakikiwa upya, maana watu huhama na wengine hujenga, halafu kompyuta hutoa namba. Mtafiti haruhusiwi kubadilisha namba hizo. Akikuta mlango umefungwa anatakiwa arudi kwa saa tofauti, jioni ikiwemo, na wala asiingie nyumba ya pili kwa kuwa ina watu. Siku za bamvua wakulima wa mwani wako pwani. Msimu wa karafuu familia nzima za Pemba huhamia kambini. Mvuvi wa usiku hulala mchana. Ukiwaacha wote hao ukachukua waliopo, umepima afya ya watu wanaoshinda nyumbani, na hata ukiwapata elfu kumi kasoro hiyo haiondoki. Kwa hiyo sheha akifuatana na mtafiti hadi kwako, si yeye aliyekuchagua. Akikupita, hajakunyima kitu. Na aliyechaguliwa ana haki ya kukataa, bila ya kuulizwa sababu na bila ya kupoteza huduma yoyote hospitali.

Sasa wenzetu watafiti. Namba inayotuchosha kuliko zote ni 384. Huletwa imeshaandikwa kwenye andiko la utafiti kama idadi ya watu watakaopimwa, kabla mwenyewe hajasema anapima nini. Asili yake ni hii: 1.96 mara 1.96, mara 0.5, mara 0.5, ugawe kwa 0.05 mara 0.05. Jibu ni 384.16, na kwa kuwa sehemu ya mtu haipo, ni 385. Inafaa kwa swali moja tu: ni asilimia ngapi ya watu wana hali fulani, ikidhaniwa ni nusu yao (0.5), kwa uhakika wa asilimia 95 (ndiyo 1.96) na kosa la pointi 5 juu au chini (0.05), watu wakichaguliwa mmoja mmoja. Ukichagua kwa shehia, watu 20 kila moja, majirani hufanana: maji yao ni mamoja, na mbu wao ni wamoja. Kufanana huko kukiwa 0.05 kwa kipimo cha 0 hadi 1, zidisha 385 kwa 1.95 (1 jumlisha 19 mara 0.05), upate 751. Ukitarajia asilimia 10 wakatae au wasipatikane, gawa 751 kwa 0.9, upate 835. Usizidishe kwa 1.1, hiyo inatoa 827 na utapungukiwa. Watu 835 ni shehia 42. Idadi ya watu wa Zanzibar, 1,889,773 kwa sensa ya 2022, haibadilishi chochote cha maana katika hesabu hii, ingawa hilo ndilo watu wanalolikataa kwa nguvu zaidi.

Kulinganisha matibabu mawili ni hesabu nyengine kabisa. Kuona kama dawa inashusha matatizo kutoka asilimia 10 hadi 5, unahitaji karibu wagonjwa 432 kila upande, ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo kama kweli ipo. Kutoka 10 hadi 8, wanafika 3,207 kila upande. Mwenye wagonjwa 60 aliyekuja kutuambia dawa "haina tofauti" hajathibitisha hivyo. Hakuwa na watu wa kutosha kuiona.

Mfano mzito wa kazi hii uko kwetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto 24,076 wa Pemba, wa umri wa mwezi 1 hadi 35, waligawiwa kwa kura: wengine wapewe madini ya chuma na foliki asidi, wengine hivyo pamoja na zinki, wengine vidonge visivyo na dawa. Nia ilikuwa njema, upungufu wa damu ulikuwa mwingi. Tarehe 19 Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa kwa ushauri wa kamati huru ya kufuatilia data na usalama. Matokeo, yaliyochapishwa 2006, yalionesha kwamba waliopewa chuma na foliki asidi walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 12 ya kufariki au kuugua kiasi cha kulazwa. Malaria wakati huo ilikuwa imeenea. Daktari wa wodi asingeweza kuiona asilimia 12. Yeye huona mtoto mmoja mwenye homa, kisha mwengine. Inaonekana tu pale kila kulazwa kumeandikwa na kuhesabiwa kwa kundi.

Kamati hiyo nayo haifungui data kila inapojisikia. Ukichungulia mara tano kwa kipimo kile kile cha asilimia 5, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 katika 100, uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo hupanda hadi karibu asilimia 14. Ndiyo maana siku za kuchungulia na mpaka wa kusimamisha huandikwa kabla. Tahadhari kwa wazazi: utafiti ule ulihusu kuwapa watoto wote bila ya kuwapima kwanza. Mtoto aliyeandikiwa dawa ya kuongeza damu na daktari anywe dawa yake.

Utaratibu sasa. Kituo hakitoi kibali cha utafiti. Kibali cha maadili hutoka Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHREC, na sisi hatuchambui data iliyokusanywa kabla yake, kwa sababu kibali hakirudi nyuma. Jaribio la tiba lisajiliwe kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa. Tangu 2005 majarida makubwa ya tiba hukataa lisilosajiliwa hivyo, na hakuna barua yetu itakayokusaidia. Majina yakae kwenye orodha yake, imefungiwa, na faili la uchambuzi liwe na namba tu. Asiyejibu umri asiandikwe 99. Bibi wa miaka 99 yupo. Kila sahihisho liwe na tarehe na sahihi. Kanzidata ikishafungwa hatuifungui kwa sababu msimamizi hakupenda jibu.

Kikao cha kwanza njoo na swali la utafiti kwa sentensi moja, kipimo kikuu kimoja tu, dodoso ambalo halijachapwa kwa wingi, na bajeti. Kama umeshaanza kukusanya, njoo hivyo hivyo, ila ulete daftari la asili, siyo faili la Excel ulilolisafisha mwenyewe.