Acheni Kuyang'oa Mapenzi Kwenye Opera ya Anga

Nimechoka na ushauri huu. Mwandishi chipukizi anaomba maoni kuhusu riwaya yake ya opera ya anga, yaani hadithi ya mikasa mikubwa kati ya sayari na nyota, na kabla hajaulizwa hata mgogoro wake ni upi, wanajitokeza wawili watatu kumwambia apunguze mapenzi. Hadithi ya anga ni vyombo, vita na sayansi, wanasema. Mapenzi awaachie wenyewe. Wapo wanaokuja kwa upole: weka kidogo tu, wasomaji wa kike wasichoke. Wiki hii nimepokea mswada ambao mwandishi wake ameutii ushauri huo neno kwa neno. Vita kuanzia ukurasa wa kwanza, na katikati sura moja ya busu, imekaa peke yake. Kwenye barua yake ananihakikishia kwamba nikiona sura hiyo inachelewesha msuko, naweza kuitoa bila kugusa kitu kingine. Ni kweli, inatoka bila kuacha hata mkwaruzo, na hilo ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Kazi yangu ni kuhariri riwaya, na za anga ndizo ninazozipenda kupita zote. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: katika opera ya anga, mapenzi ndiyo yanayoupa umbali uzito. Yaondoe, na galaksi nzima inabaki tarakimu.

Kwanza tumalizane na hoja ya kwamba aina hii ilizaliwa safi, mapenzi yakaja kuichafua baadaye. Riwaya ambayo wengi huihesabu kuwa chimbuko lake ni The Skylark of Space, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Amazing Stories mwaka 1928. E. E. Smith, mkemia kwa taaluma, alianza kuiandika mwaka 1915. Hakujiamini kwenye sehemu za mapenzi, akamwomba Lee Hawkins Garby, mke wa rafiki yake, amsaidie kuziandika. Jina la Garby lilichapwa pamoja na la Smith jaridani, na likachapwa tena kitabu kilipotoka mwaka 1946. Toleo lililorekebishwa la 1958 likaliondoa. Ukikutana na mtu anayedai kwamba opera ya anga ilibuniwa na mwanamume mmoja na mitambo yake, huenda ameshika toleo hilo.

Sasa tazama msuko wenyewe. Kwa nini watu wa riwaya ile wanatoka nje ya mfumo wetu wa jua? Seaton, mwanasayansi, ana chombo tayari, ila kinachomrusha mbali kiasi hicho ni kutekwa kwa mchumba wake, Dorothy. Adui wa Seaton anambeba Dorothy kwa chombo kingine, purukushani inatokea humo ndani, mtambo unakwama ukiwa umefunguliwa hadi mwisho, na chombo kinakwenda moja kwa moja hadi mafuta yake, ambayo ni shaba, yanaisha. Seaton anamfuata. Yaani safari hiyo ya kwanza kubwa ni ya mtu anayemtafuta ampendaye. Ukiyatoa mapenzi, chombo kinabaki bandani Washington.

Sisemi Dorothy aliandikwa vizuri. Anatekwa, anabebwa, anaokolewa, anaolewa. Nadhani ni wanawake wa namna hiyo waliomchosha Isaac Asimov, baadaye mwandishi mashuhuri wa hadithi za kisayansi, ambaye mwaka 1938, akiwa kijana wa miaka 18, aliandikia jarida la hadithi hizo, Astounding, barua akilalamika kwamba wanawake na mapenzi yao wanaharibu hadithi za kisayansi. Malalamiko yake yanaeleweka, ila tiba aliyoitaka ilikosea mgonjwa. Miaka mitano kabla ya barua hiyo, mwandishi C. L. Moore alikuwa amekwisha kuchapisha hadithi yake ya kwanza kuhusu msafiri wa sayari anayenaswa na tamaa hadi karibu ya kifo, na msomaji anaogopa kwa sababu anaielewa tamaa ile. Kitu kikiandikwa vibaya, kiandikwe vizuri. Mbona hatuondoi vita kila tunapokutana na vita vilivyoandikwa vibaya? Na vipo vingi, Mungu anajua.

Turudi kwenye umbali. Anga ni kubwa mno kwa akili ya mtu. Mwambie msomaji kwamba nyota iko umbali wa miaka kumi ya nuru, yaani nuru yenyewe huchukua miaka kumi kufika, atatikisa kichwa na kuendelea kusoma. Hajahisi kitu, na si kosa lake. Lakini mweke tabibu kwenye kituo cha Mirihi, mchumba wake awe Duniani, kisha uwape simu. Mirihi inapokuwa mbali nasi, upande wa pili wa Jua, nuru inachukua dakika 22 hivi kufika, na hakuna ujumbe unaokwenda kasi kuliko nuru. Tabibu anauliza, "Umekula?" Jibu linamrudia baada ya dakika 44. Wakati huo yeye ameshaingia zamu, ameshamfunga mtu jeraha, na swali lenyewe amelisahau. Anasikia sauti ikimwambia, "Bado, nakusubiri wewe," na hajui inamjibu nini.

Sasa wagombanishe. Hapo ndipo mwandishi anayejua kazi yake anapoanza kufurahi. Tabibu anatuma neno kali. Baada ya dakika kumi anajuta, anatuma msamaha. Lakini neno kali lilitangulia, limepokewa, limejibiwa kwa hasira, na jibu hilo liko njiani. Msamaha unapishana na tusi la pili katikati ya anga, kila kimoja kikielekea kwa mtu ambaye hakijui. Wakifika mwisho wa siku wamesameheana mara mbili na kutukanana mara tatu, na mpangilio aliousikia mmoja si ule aliousikia mwenzake. Niambie sasa kama mapenzi hayana sayansi. Hiyo ni sayansi tupu, na msomaji ameihisi kifuani.

Wapenzi wa namna hii hujifunza kusema kwa mtindo wao. Wanajibu maswali ambayo hayajaulizwa. Wanaongea kwa mkupuo mrefu, wakikisia mwenzao yuko katika hali gani atakapousikia ujumbe. Wanaacha utani unaohitaji kujibiwa papo hapo. Mazungumzo yakiandikwa hivyo, huhitaji kumkumbusha msomaji kila sura kwamba wako mbali.

Ukitoka kwenye sayari na kwenda kwenye nyota, mambo yanakuwa mazito zaidi. Chombo kikienda kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru, saa zake zinakwenda polepole mara saba hivi kuliko za waliobaki. Rubani wa miaka 25 akienda kwenye nyota iliyo miaka kumi ya nuru na kugeuza papo hapo, atarudi akiwa hajatimiza 28. Mpenzi wake waliyelingana umri ana miaka 45. Nimesoma miswada mingi inayoitaja hesabu hii kwa mbwembwe kisha ikaiacha hapo hapo. Jamani, mmeshika dhahabu mkononi! Aliyebaki alizungumza na nani miaka yote ile? Aliolewa? Akimpokea bandarini, anamkumbatia kama mchumba au kama kijana? Kwa rubani ugomvi wao wa mwisho ni wa miaka chini ya mitatu, bado una joto. Kwa mwenzake ni jambo la ujana.

Najua jibu litakalonijia: opera ya anga kwa kawaida haifuati fizikia hiyo, ina malango ya kurukia kutoka nyota moja hadi nyingine, njia za mkato, mitambo ya kuipita nuru. Sawa kabisa. Na hapa ndipo penye jambo ninalotamani kila mwandishi wa aina hii alibandike ukutani: sheria yako ya usafiri ndiyo sheria yako ya mapenzi. Ukiamua kwamba safari kati ya nyota ni ya siku mbili na kila mtu anaimudu, umeamua kwamba hakuna mtu anayetengana na mwenzake ila kwa kupenda. Ukiamua kwamba kuna lango moja tu na linashikwa na jeshi, umeamua kwamba ndoa za watu wa pande mbili ni suala la kijeshi. Ukiamua kwamba ujumbe unafika papo hapo lakini miili haifiki, umewapa wapenzi wako mateso ya aina nyingine kabisa. Waandishi hukaa miezi wakichora ramani ya malango kwa ajili ya vita, halafu hawajiulizi ramani hiyo hiyo inawafanya nini watu wanaopendana.

Anayelijua hili kuliko wengi ni mwandishi Lois McMaster Bujold. Katika riwaya yake Shards of Honor ya mwaka 1986, sayari ya Barrayar iliwahi kukatika na ulimwengu kwa karne kadhaa baada ya njia yake ya mkato kuharibika. Ikarudi kwenye ukabaila, na jeshi likawa kila kitu. Cordelia anatoka Beta, sayari ya sayansi na usawa. Vorkosigan ni afisa wa Barrayar. Wanakutana kama maadui kwenye sayari isiyo na watu, wakiwa na kijana wa kikosi cha Cordelia aliyejeruhiwa ubongo, asiyeweza kujitunza, na wanapaswa kutembea mwendo mrefu kwa miguu hadi kwenye akiba ya vifaa. Cordelia hakubali kumwacha kijana huyo. Mapenzi yao yanaanzia hapo, katika kumlisha na kumwongoza mtu ambaye hawezi kuwalipa chochote, kila mmoja akimpima mwenzake kwa jinsi anavyomtendea huyo wa tatu. Mwandishi hahitaji kutuambia kwamba Vorkosigan ana utu. Tumetembea naye.

Halafu vita vinakuja, na kila anachoamua mmoja wao kinabeba mzigo wa mwenzake. Cordelia anaporudi kwao, watu wake hawaamini kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kumpenda adui. Wanahitimisha kwamba amechezewa akili, wanataka kumtibu. Analazimika kuitoroka sayari yake mwenyewe. Jaribu kuyang'oa mapenzi hayo usikie riwaya nzima inavyolia.

Hapa ndipo penye tofauti inayonikera inapopuuzwa: mapenzi kama tuzo na mapenzi kama uamuzi. Mapenzi ya tuzo huja vita vikiisha. Shujaa ameshinda, anapewa mtu wa kumbusu. Mapenzi ya uamuzi hukaa ndani ya tendo lenyewe, shujaa anageuza chombo kwa sababu yake, au anakataa kukigeuza, na vyovyote atakavyofanya anapoteza kitu. Tuzo naweza kuifuta kwa kalamu nyekundu. Uamuzi siwezi. Kipimo changu kwa mswada ni hicho, na hakina uhusiano na idadi ya mabusu. Nimewahi kupitisha riwaya ya mapenzi mazito ambamo wapenzi hawakugusana hata vidole.

Kwa mwandishi wa wiki hii nilimwandikia hivi. Rubani wako anampenda mhandisi wa kikosi cha adui. Wanabusiana, na sura inayofuata rubani anatumwa kulipua lango. Mhandisi wa malango atakuwa wapi siku ya kulipua lango? Umemweka hospitali, mbali, salama. Mrudishe kazini. Mweke upande wa pili, zamu ya usiku, na rubani ajue. Asiweze kumwonya bila kuwaua wenzake, na lango likishalipuliwa lisiwepo jingine la kumfikia. Sijaongeza hata busu moja, na vita vile vile vilivyokuwa vinanipitia sasa vinanikaba.

Bado kuna mambo yananisumbua ambayo vitabu vya uandishi huyapita kimya. Msomaji wa riwaya za mapenzi huja na dai la haki: mwisho uwe wa heri, wawili wabaki pamoja. Msomaji wa mikasa anataka hatari ya kweli. Kama msomaji anajua tangu jalada kwamba wote wawili watapona, mitambo ikizimika sura ya 15 anaogopa nini? Huwa nawaambia waandishi wahamishe hatari: wapenzi wapone, lakini kitu kingine wanachokithamini kisipone, mji, cheo, ndugu, imani ya mmoja kwa mwenzake. Mara nyingi hufaa. Mara nyingine naona kabisa taharuki imelegea, na sina dawa.

La pili ni kapteni na walio chini yake. Chombo kimefungwa, hakuna pa kukimbilia, na mwenye kuamuru nani atoke nje kurekebisha tanki la hewa ndiye anayekupenda. Aina hii imelelewa na uhusiano huo, wasomaji wanaupenda, na mimi nilikua nikiupenda. Siku hizi kila nikiuona kwenye mswada nauliza kama yule wa chini angeweza kusema hapana na bado akapewa zamu yake kesho. Waandishi wengine hulijibu kwa kumvua kapteni madaraka kabla ya mapenzi kuanza. Inasaidia, ila wakati mwingine inanuka ujanja wa mwandishi anayetaka kukwepa swali. Ningependa zaidi alifuate swali hilo hadi mwisho, hata kama jibu litawatenganisha.

Na la tatu ni wapenzi walioshapatana. Tunajua kuwatenganisha, tunajua kuwakutanisha. Wakishaoana katika kitabu cha kwanza, waandishi wengi humuua mmoja katika cha pili, kwa uvivu tu, wapate tena mtu anayetamani. Bujold hakufanya hivyo. Aliendelea na Cordelia na Vorkosigan katika ndoa, mimba na mapinduzi ya kijeshi. Wachache sana wamemfuata. Mwenye mswada wa mke na mume wanaoendesha chombo kimoja, mwaka wa kumi wa ndoa, mizigo imechelewa na maharamia nyuma yao, auweke mbele ya foleni yangu.